Dirisha Ubavuni mwa Farofa

Januari mvua ilinyesha wiki tatu mfululizo,
nyasi za ng'ambo ya kijito zikapanda
hadi kifuani mwa farasi.
Baba akasimama kwenye rikabu, akapunga kofia:
"Tazama, Dalvina, shamba limejaa kama gunia!"
Osmarino hafungui lango mapema.
Kulisha nyasi fupi, kwake,
ni kumkaribisha mgeni mezani
na chungu bado hakijatokota.

Mimi nilikuwa natazama mbavu.

Ng'ombe mia na kumi, wamezama kijanini hadi mgongoni,
na mbavu zinahesabika.
Wanakula tangu umande mpaka jua la utosi,
wanalala, wanacheua, wanacheua
kama watu wanaotafuna neno wasilotaka kulisema.
Tumbo ngoma, mgongo msumeno.

Nikainama juu ya mavi yao.
Usicheke. Mavi ni barua isiyofungwa.
Ya Novemba yalitandaa laini, uji uliomwagika;
haya yamepandana tabaka kwa tabaka, sahani kabatini,
na ukiyavunja kwa kijiti
unakuta vipande vya bua vilivyotoka jinsi vilivyoingia,
wasafiri waliopita mji mzima
bila kununua kitu.

Nikampakia baba kwenye pikapu, tukavuka Araguaia.

Kule chuoni kwetu yuko Farofa,
ng'ombe mweupe mwenye dirisha ubavuni:
pete ya mpira, kizibo kipana kama bakuli la supu.
Ukimfungua haachi kula, anakutupia jicho tu
kama mpishi aliyeingiliwa jikoni.
Nikatia vifuko viwili vya nailoni, gramu tano kila kimoja:
hiki majani ya wiki nne, yaliyokatwa usawa wa goti;
hiki nyasi ya wiki kumi na mbili, kutoka shambani kwake,
iliyokwisha kumwaga mbegu.
Nikavifunga uzi, nikavizamisha gizani.

Siku mbili. Baba alilala kwa binamu Zulmira
akaisema vibaya kahawa yake.

Nilivitoa, nikavisuuza mpaka maji yakatakata,
nikavikausha, nikaviweka mizanini baba akiwa begani kwangu.
Kifuko cha majani: gramu moja na nusu imesalia.
Kifuko cha bua: tatu na ushei.
Akaomba nipime tena.
Nikapima tena.

Ndipo akavaa glavu ndefu hadi kwapani.
"Naweza?"
Mkono ukaingia, ukameza kiwiko.
"Moto humu," akasema. "Kunageuka."
Nikamwambia wamo vijidudu wasioonekana, ndio walaji hasa;
wewe unamlisha Farofa, Farofa anawalisha wao,
nao wakikosa protini hulegea
kama vibarua wasiolipwa Ijumaa.
"Na bua?"
Bua limejipiga lipu, baba.
Nyasi ya nchi ya joto ina pupa: jua linaihimiza,
inajenga nguzo ipate kusimama, itoe ua,
na nguzo hailiki.

Hakujibu. Alitoa mkono polepole,
akampapasa Farofa paji la uso kwa ule mwingine.

Njiani kimya. Katikati ya daraja ndipo akasema:
"Miaka arobaini
nimekuwa nikiwalisha paa la nyumba."

Kesho yake, kabla sijaamka,
alikuwa amechora mstari wa chaki kwenye buti, chini ya goti,
na lango la bondeni liko wazi.
Ng'ombe wameinamisha vichwa kwenye majani mafupi, mororo,
sauti yao ya kung'oa ni ya kitambaa kinachochanwa.

Ile ng'ambo ya kijito bado imesimama,
dhahabu sasa, inayumba.
Jioni huenda kuitazama, kofia mkononi.
"Lakini ni nzuri," ananiambia.
Ni nzuri.
Sibishani naye.